Mrejesho: rilei ya feni inalia tik lakini feni haizunguki

Ndugu zangu shukran sana, niliwauliza kwa nini feni ya rejeta haiwaki na rilei (swichi ya umeme inayowasha feni) naisikia ikilia, gari ikawa inachemka nikipanga foleni ya feri Likoni. Mlisema ule mlio ni wa koili tu (waya uliozungushwa ndani ya rilei, ndo huvuta swichi), haumaanishi moto wa umeme unapita kwenda kwa feni, na ni kweli kabisa.

Nikaichomoa nikaipima na mita. Miguu yake ina namba: 85 na 86 ndo koili, iko sawa. 30 (moto unapoingia) na 87a mita inalia beep koili ikiwa haina moto, ndo kawaida yake, hiyo huwa imeshikana mpaka koili ivute. Nikapeleka moto wa betri kwenye koili, tik, 87a ikaachia vizuri, lakini 30 na 87 (inayopeleka moto kwa feni) kimya, na hapo ndo ilipaswa kulia! Nikafungua kifuniko, kontakti (kichuma cha kugusana) ya 87 imeungua nyeusi tii, ina mashimo, maana feni ikianza kuzunguka huvuta ampea nyingi kuliko ikishakolea.

Nimeweka mpya ya 40A, tena ya miguu minne, 87a haina kazi kwa feni. Sasa nasimama foleni na eisi imewashwa, mshale wa joto hausogei.