Kumfuatilia mbunge Bungeni: Mzalendo, Hansard au runinga?

Mpigakura_Kilifi: Wakuu, nataka kujua mbunge wangu anafanya nini hasa akiwa Bungeni. Picha za kugawa basari nimeziona za kutosha. Kuna tovuti ya Mzalendo inayofuatilia wabunge wa Kenya, kuna Hansard, yaani kumbukumbu rasmi ya yanayosemwa Bungeni, na kuna matangazo ya moja kwa moja ya runinga. Muda sina mwingi na bando ni la kuhesabu. Nianze wapi?

Karani Mstaafu: Mzalendo. Wapo tangu 2005, na humo unampata mbunge kwa jina pamoja na aliyoyasema. Ila usidanganywe na idadi. Kuna waheshimiwa husimama, "Asante Bw. Spika, naunga mkono," kisha wakaketi. Hao nao wamechangia!

Binti Saumu: Maneno hayana kazi, angalia kura. Mswada wa Fedha wa 2024 ulipopita tarehe 25 Juni kwa kura 195 dhidi ya 106, majina yalijulikana, na wananchi wakawauliza wabunge wao mmoja mmoja. Kura ya namna hiyo utaikuta kwenye Hansard. Tatizo ni kwamba mambo mengi huamuliwa kwa sauti: Spika anauliza, ukumbi unaitikia, anatangaza upande ulioshinda. Hapo wako aliitikia nini? Hata Mzalendo hawajui.

Mtu wa Dodoma: Huku Tanzania tovuti ya Bunge ina ukurasa wa kila mbunge: maswali ya msingi, ya nyongeza na michango. TBC, runinga ya taifa, ilipositisha kurusha vikao moja kwa moja 2016, Hansard ndiyo iliyotuokoa, na yetu ni ya Kiswahili. Kura ya bajeti kuu hupigwa kwa kuitwa majina, kwa hiyo hakuna pa kujificha.

Mpigakura_Kilifi: Na runinga je?

Binti Saumu: Kamera humfuata anayezungumza. Asiyekuwepo utamjuaje? Na kutohudhuria si jambo dogo: Kifungu cha 103 cha Katiba yetu ya Kenya kinasema akikosa vikao vinane bila ruhusa ya Spika kwa maandishi, wala maelezo ya kuridhisha mbele ya kamati, kiti kinakuwa wazi. Runinga ni ya jioni ukiwa umechoka.

Karani Mstaafu: Mnasahau kamati, na huko ndiko kazi ilipo. Wapo mabubu wa ukumbini ambao kwenye kamati huwahoji makatibu wa wizara mpaka jasho linawatoka. Pakua ripoti ya kamati yake, ruka maelezo yote, nenda kwenye viambatisho. Humo mna kumbukumbu za mikutano: waliofika na wasiofika, kwa majina.

Mpigakura_Kilifi: Hiyo nimeipenda kuliko zote. Lakini faili la kurasa mia mbili kwa simu hii yangu?

Karani Mstaafu: Tafuta jina lake ndani ya faili. Kama kurasa zimeskaniwa, jina halitapatikana. Hapo anzia ukurasa wa mwisho urudi nyuma.