Naomba ushauri: hadithi fupi ina maneno 4,800, kikomo ni 3,000

Wakuu, naombeni msaada kwenye mswada wangu wa kwanza.

Kurasa mbili za mwanzo ni mhusika kuamka, kuoga, kunywa chai, kupanda basi. Hizo zinaondoka zote, sina ubishi, maana hadithi inaanza anapofungua barua isiyo yake. Hapo yanapungua maneno 700. Bado 1,100, na ndiko kwenye kazi.

"Alikasirika sana, akafunga mlango kwa hasira" inasema jambo moja mara mbili. "Alibamiza mlango" inatosha; maneno sita yamekuwa mawili. Lakini nikikata hivyo kila sentensi, maandishi yanakauka kama taarifa ya habari na sauti ya msimulizi inapotea. Mnajuaje pa kuishia?

Pia kuna shangazi na jirani, wote kazi yao ni kuleta habari tu. Kumwondoa shangazi kunaokoa kama maneno 400, ila jirani ameijuaje siri ya familia? Nikianza kueleza hilo, maneno yanarudi yale yale (bora hata angebaki shangazi).

La mwisho ni wasomaji wa awali. Ukiwauliza "umeipenda?" watasema nzuri, basi. Nimeandaa maswali mawili: ulichoka ukurasa gani, na nani ulimchanganya na nani? Niwape sasa, wanionyeshe pa kukata, au nikate kwanza?