Nimepata chuo Kanada, kinesiolojia: miaka miwili ya mwanzo nipange vipi kozi?

BintiMbagala:
Habari za humu wakuu. Nimepata chuo Ontario, digrii ya kinesiolojia (sayansi ya mwendo wa mwili) miaka minne, naanza Septemba. Sasa wamenitumia orodha ya kozi nijipangie mwenyewe, na mimi huku nimezoea ratiba unaikuta imeshabandikwa ubaoni. Nilisoma CBG (kemia, biolojia, jiografia) kwahiyo fizikia tuliachana fomu foo. Nawaza mwaka wa kwanza nizimalize zile ngumu zote, anatomia, kemia, fizikia, halafu mwaka wa pili nipumue. Lengo langu ni fiziotherapia, mama mdogo alipata kiharusi na niliona yule dada wa mazoezi alivyomrudisha mpaka akatembea mwenyewe kwenda dukani. Mpango umekaa sawa?

Fizio_Upanga:
Hongera sana mdogo wangu. Kwanza ujue kinesiolojia yenyewe haikufanyi kuwa mfiziotherapia. Hapa Tanzania ukitoka fomu siksi unaweza kuingia moja kwa moja digrii ya fiziotherapia, Muhimbili ipo, Moshi pale KCMC ipo. Kanada hapana, fiziotherapia wanaisoma ngazi ya masta, yaani unamaliza digrii ya kwanza ndo unaomba. Kinesiolojia nayo Ontario ni fani kamili, ina bodi yake inayosajili tangu 2013, kwahiyo hata ukibadili mawazo hujapoteza kitu. Ila kama ni masta unaitaka basi anza na mahitaji yake urudi nyuma. Fungua kurasa za vyuo viwili vitatu uone wanadai nini, mara nyingi utakuta anatomia, fiziolojia (jinsi mwili unavyofanya kazi), takwimu na kitu cha saikolojia au sosiolojia. Hizo ndo ziwe nguzo, na alama za hapo uzilinde kweli kweli.

Mchikichini_Toronto:
Dada usizirundike hizo tatu semista moja nakuomba. Anatomia, kemia na fizikia zote zina maabara, lekcha ukitoka unaingia maabara, ukitoka unaandika ripoti, na baridi ya huku saa kumi na moja jioni Desemba giza limeshaingia na we bado hujala. Mimi nilizigawa. Septemba nilichukua anatomia na biolojia, nyingine zikawa za kusoma na kuandika tu, Januari ndo fizikia na saikolojia. Mwaka wa pili fiziolojia na takwimu, sababu kozi ya utafiti mwaka wa tatu hawakuingizi bila takwimu. Angalia kila kozi inadai nini kabla yake, chora mishale kwenye karatasi, utaona yenyewe ipi ianze. Kawaida ni kozi tano kwa semista, nne vyuo vingi bado unahesabika mwanafunzi wa muda wote, ila ulizia ofisi ya wanafunzi wa kigeni kwanza maana kibali chako kinategemea hapo, na ile uliyopunguza utaifidia kiangazi.

Kocha_Ubungo:
Nimesoma PESS (elimu ya viungo na sayansi ya michezo) Mlimani, nakazia hapo kwenye fizikia maana ndo wengi wanapigia sapu wakifika biomekaniki, yaani fizikia ya mwili unavyosogea. Chukua kilo tano mkononi, kunja kiwiko nyuzi 90. Uzito huo ni kama nyutoni 50, upo sentimita 35 hivi kutoka kiwiko, lakini msuli wa mbele ya mkono umejishikiza sentimita tano tu kutoka hapo hapo. Piga hesabu: 50 mara 35 gawanya kwa 5, msuli unavuta nyutoni 350, mara saba ya mzigo, na hapo uzito wa mkono wenyewe hatujaugusa. Ukilielewa hilo unajua kwanini mgonjwa anaambiwa abebe kitu karibu na mwili. Sasa mtu asiyejua jinsi nguvu inavyozungusha kiungo ataishia kukariri. Hujaondoka bado, tafuta kitabu cha fizikia cha fomu faivu, piga msuli kwenye vekta, nguvu na mizani ya nguvu, umeme achana nao kwa sasa.

BintiMbagala:
Asanteni sana kaka zangu, nimechora mishale kweli na fizikia imeenda Januari. Swali moja, anatomia mnaisomaje isipotee kichwani? Majina ni mengi mno.

Fizio_Upanga:
Usisome jina peke yake. Kila msuli ujue unaanzia mfupa gani, unaishia wapi, unafanya nini, halafu uushike kwako mwenyewe. Weka vidole juu ya bega, inua mkono pembeni, utausikia unavyokaza. Mimi nilikuwa nawagusa wadogo zangu sebuleni mpaka wakanikimbia lakini mtihani nilifaulu. Na kila wiki rudia za wiki iliyopita kabla hujafungua mpya.

Mchikichini_Toronto:
Na maabara ukikuta mifupa ya kushika, ishike, usiishie kwenye picha za simu. Ukifika nicheki inbox nikuelekeze pa kupata koti la bei nafuu.