Naombeni ushauri: ninunue sola ya steshenari, au mtandao utakata vilevile?

Binti wa Mwanga

Shikamooni wakubwa, wengine habari za leo.

Nina steshenari ndogo hapa Mwanga, Kigoma mjini. Kompyuta mbili, laptopu moja, printa ya leza na ruta ya laini ya simu. Kinachonilisha si fotokopi, ni mtandao: vijana wa kidato cha sita wanaoomba vyuo na mikopo, watu wanaotuma maombi ya ajira, wazee wanaofuatilia vyeti vya kuzaliwa. Umeme ukikatika, nafunga. Nimejinyima hadi nimefikisha akiba ya laki tisa, nikapanga kununua sola.

Kilichonikwamisha ni mambo ya Jumanne. Umeme ulikatika saa nne asubuhi, nikahamia kwenye laptopu na kuwasha intaneti ya simu. Nilifanya kazi vizuri mpaka saa saba kasoro. Halafu 4G ikapotea, ikabaki herufi E, mwisho hata hiyo E ikaondoka. Nilikuwa na binti ametoka Kalinzi na nauli ya kuazima, fomu yake imefika kwenye kupakia vyeti. Akarudi bila kumaliza. Laptopu yangu ilikuwa bado na chaji nusu.

Sasa najiuliza: nikiweka sola, si nitakaa kwenye taa nikitazama ruta isiyo na mtandao? Na nasikia huko duniani nishati nayo inakuwa ya kugombania. Biashara hii ina mbele kweli? Nishaurini kwa uwazi, hela hii sina nyingine.

Fundi wa Gungu

Dada, kwanza usimalize laki tisa yote. Geuza adapta ya ruta yako usome lebo. Nyingi zimeandikwa volti 12, ampea 1, maana yake hazizidi wati 12. Betri ndogo ya volti 12, Ah 7 (Ah ni ampea-saa), ina wati-saa 84. Tumia nusu yake tu ili isife mapema, bado ruta inakaa saa tatu na nusu au zaidi. Ila usiunganishe betri moja kwa moja, maana inapochajiwa hupita volti 14. Weka kidhibiti cha kushikilia 12.

Laptopu ni kama wati 50. Betri ya Ah 100 ukiitumia nusu inakupa wati-saa 600, kwa hiyo laptopu na ruta zinaenda saa tisa hivi, toa kidogo kinachopotea kwenye inverta, kile kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani.

Adui yako ni hiyo printa ya leza. Ina sehemu inayopashwa moto kuyeyusha wino wa unga, na ikianza tu inavuta mamia ya wati, nyingine hupita 1,000. Ukiiweka kwenye inverta ndogo utalia. Tafuta ya wino wa maji, au chapisha umeme ukirudi.

Mzee wa Reli

Sisi wa zamani tunakumbuka Kigoma ya majenereta ya dizeli, kabla ya gridi ya Taifa. Mafuta yakichelewa, mji wote giza. Gridi imetusaidia sana, na Bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115 limepunguza njaa ya umeme tuliyoiona kwenye mgao wa mwishoni mwa 2023. Lakini umeme unatufikia kwa njia ndefu, na nguzo moja ikianguka porini hesabu za mabwawa hazikusaidii. Nangojea mradi wa umeme wa maji wa Malagarasi kwa hamu, zile megawati 49.5 zitazalishwa hapahapa mkoani.

Aliyepanda Minara

Nipo Tabora, nimefanya kazi za minara miaka kadhaa. Mleta mada umeuliza swali ambalo wengi hawaulizi mpaka wameshanunua paneli.

Mtandao ni mnyororo. Kuna umeme wa kwako, umeme wa mnara, umeme wa vituo vinavyobeba mawasiliano kwenye mkongo, yaani nyaya kuu za faiba, na umeme wa kompyuta kubwa huko zilikohifadhiwa hizo fomu. Sola yako inaokoa pingili ya kwanza peke yake. Ya Jumanne ilikatikia kwenye pingili ya pili. Mnara una betri. Zikiwa nzima zinashika saa kadhaa, zikiwa zimechoka zinashika chache, na baada ya hapo ni jenereta kama lipo na kama lina mafuta. Minara mingine ina sola kabisa, hiyo haitikisiki kirahisi.

Kukatika mara moja si tatizo kubwa. Tatizo ni kukatika mfululizo, betri haijajaa umeme unaondoka tena. Afrika Kusini mwaka 2023 ndivyo ilivyowaumiza: mgao wa zamu mara kadhaa kwa siku, betri za minara zikawa hazipati muda wa kujaa, na wezi nao wakaziwinda.

Sasa sikiliza hili. Usikimbilie kununua laini ya pili ukadhani umepona. Kampuni kadhaa za simu hupanga kwenye mnara mmoja na wanaweza kutegemea umeme uleule. Weka laini tofauti kwenye simu mbili tatu, umeme ukikatika andika saa ambayo kila moja inapotea. Zikipotea pamoja, ni nyumba moja hiyo. Inayobaki ndiyo ya kuwekea bando.

Na ulizia kama faiba imefika mtaani kwenu. Waya wa faiba wa majumbani kwa kawaida hauhitaji umeme njiani, unahitaji kituoni na kwako tu.

Mama Mawese

Mwanangu, mwaka 2024 nilikuwa Mpulungu, upande wa Zambia wa ziwa letu, kwa shughuli za dagaa. Ukame ulikuwa umeshusha maji ya bwawa la Kariba na nchi ile inategemea sana umeme wa maji. Tulikaa saa nyingi gizani kuliko kwenye umeme. Mtandao ulikuja usiku wa manane, na watu tuliamka saa hizo kutuma pesa. Waliouza chaji kwa sola walikula vizuri. Hata mtandao ukiondoka, wateja wa kuchaji simu unao.

Mwanafunzi Ujiji

Na hilo la dunia? Kweli intaneti itakuja kukosa umeme?

Aliyepanda Minara

Shirika la Kimataifa la Nishati linakadiria vituo vya data, yaani majengo ya zile kompyuta kubwa, vilitumia kama terawati-saa 415 mwaka 2024, karibu asilimia 1.5 ya umeme wote duniani, na kwamba matumizi hayo yataongezeka mara mbili hivi ifikapo 2030. Wenye vituo hivyo wana hela, watanunua umeme wao. Hofu yangu ni mnara wa kijijini wenye wateja wachache, dizeli ikipanda bei nani ataujazia tangi? Hata wakubwa huguswa. Tarehe 28 Aprili 2025 Hispania na Ureno zilizima, na simu zikaanza kupoteza mtandao kadiri betri za minara zilivyoisha, vilevile kama Mwanga.

Binti wa Mwanga

Asanteni sana, nimesoma kila neno. Jana umeme ulikatika saa moja jioni nikafanya jaribio. Laini zangu mbili zilipotea dakika moja. Ya jirani yangu wa duka la dawa, kampuni nyingine, ikabaki mpaka umeme uliporudi saa tano.

Nimeshasajili laini hiyo. Sola nachukua ndogo, ya laptopu, ruta na chaji za simu, printa ya leza itasubiri. Fomu nazo nitawajazisha watu kwenye karatasi kwanza na vyeti nivipige skani mapema, ili mtandao ukiwepo tuwe tunatuma tu.

Yule binti wa Kalinzi nimempigia, dirisha la maombi halijafungwa. Anakuja Jumamosi alfajiri. Fundi, kidhibiti cha volti 12 napata hapa mjini au niagize?

Fundi wa Gungu

Kipo. Njoo na adapta yako, tupime kwanza.