Krismasi inaliwa nyumbani Tanga: dari, baraza la uani au choo cha bibi? Naomba ulinganisho

MamaWawili_Makorora
Wakuu habari za jioni. Miaka yote Desemba tunapanda Lushoto kwa mama mkwe, mwaka huu tumemwomba yeye ndo ashuke, na shemeji anakuja na watoto wake kutoka Dar, kwaiyo Krismasi inaliwa hapa hapa kwetu Makorora na nyumba itajaa. Kikoba chetu kinavunjwa mwanzoni mwa mwezi, mi na baba watoto tumekubaliana laki tisa iende kwenye kitu kimoja cha nyumba kabla wageni hawajafika, na tunataka iwe sapraizi kwa bibi na kwa watoto.

Sasa kitu gani ndo hatuelewani. Baba watoto anataka dari ya jipsamu sebuleni, maana mpaka leo ukiinua macho unaona mbao na bati, na mchana wa Desemba sebule ile inachoma kweli. Wifi yangu anasema tumwage zege uani tupate baraza, watu wale pilau wakiwa wamekaa pazuri, sa hizi ni mchanga mtupu na mvua ikinyesha ni tope. Mi moyo wangu uko chooni. Choo chetu ni cha kuchuchumaa na bibi magoti yamechoka, mara ya mwisho alipokuja nilikuwa namsikia anavyohangaika kuinuka, hakusema kitu ila jioni alikuwa hanywi maji asije akalazimika kuamka usiku. Hilo limenikaa rohoni. Wifi anasema sapraizi gani ya choo, watu wanataka kitu wakiingia tu wakione. Mlioko Tanga mliofanya haya mambo nilinganishieni, gharama, usumbufu, na kipi kitawahi kabla ya tarehe 22.

Mgosi_Chumbageni
Dada mi niko upande wa baba watoto. Bati likishapigwa jua saa nane mchana lile joto linakushukia moja kwa moja kichwani, ukiweka dari panakuwa na hewa katikati na tofauti unaisikia siku hiyo hiyo. Na Krismasi yetu huku inaangukia wakati wa joto kali, hao wageni wa Lushoto wamezoea baridi, watateseka.

Ila jipsamu mi siiungi mkono kwa Tanga, nimeweka za PVC, yani za plastiki. Upepo wa bahari unakula bati na misumari haraka, siku tundu likitokea jipsamu inanyonya maji, inachora madoa kama ramani alafu inalegea. PVC unafuta na kitambaa imeisha. Ubaya wake nao niseme, PVC haipendi joto la kufungiwa, kama hakuna matundu ya hewa juu ya dari inapinda, kwaiyo mwambie fundi aache matundu kwenye ukuta wa juu pande mbili, ayazibe na wavu ndege na popo wasiingie.

FundiSahare
Mgosi umeongea vizuri kuhusu matundu. Mi ni fundi ujenzi, nazungumza kwa kazi ninayoifanya.

Mama Wawili, kabla ya dari ya aina yoyote panda juu uangalie bati. Ingia sebuleni mchana, funga madirisha na mapazia, simu wala tochi usiwashe, kaa gizani kidogo alafu angalia juu, kila nuru unayoiona ni tundu. Mengi yanakuwa kwenye misumari, mpira umekauka au kichwa cha msumari kimeliwa na kutu. Hiyo kazi ni ya gharama ndogo sana, na sasa hivi vuli bado inanyesha nyesha kwaiyo mvua yenyewe itakuonyesha. Ukiweka dari wakati juu yake kuna bati linalovuja umetupa hela, na huyo fundi dari hatakwambia kwa sababu kazi yake ni dari.

Sebule yako kama ni mita 4 kwa 5 hizo ni mita 20 za mraba, uliza bei ya mita ya mraba pamoja na fremu, usikubali bei ya jumla jumla. Kwa bajeti yako dari itakula yote na rangi ya dari utaitafuta kwingine. Alafu jipsamu ina vumbi jeupe la kusugua, linaingia kabatini, kwenye nguo, kwenye mchele, hiyo sapraizi watoto wataijua siku ya kwanza.

Baraza sasa. Tuseme mita 3 kwa 4, unene sentimita 10, ni zaidi kidogo ya mita moja ya ujazo, kwa mchanganyo wa moja mbili nne (saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne) andaa mifuko 8 ya saruji ya kilo 50, mchanga na kokoto. Shindilia kwanza, mchanga wa Makorora ukimwagia zege bila kushindilia litakatika. Na usisahau mteremko kidogo kuelekea nje la sivyo maji yanarudi mlangoni. Kutembea juu yake siku mbili tatu panatosha, ila limwagiliwe maji wiki nzima, asubuhi na jioni, kwa jua la sasa bila maji linapasuka. Nguvu yake kamili zege inaifikia kwenye siku 28 hivi, kwaiyo gari au simtanki lililojaa usiweke kabla. Likimwagwa kufikia tarehe 12 watu watakula pilau juu yake bila wasiwasi.

Choo kati ya vitu vyote ndo kidogo kwa gharama ila kinataka fundi anayejua. Narudi nikimaliza kula.

Shangazi_Raskazone
Mwanangu MamaWawili, nimesoma pale uliposema bibi hanywi maji jioni nikasimama. Mimi nimemuuguza mama yangu mpaka mwisho, wazee wengi wanafanya hivyo na hawasemi. Mtu mzima kujinyima maji kwa joto la Tanga ni hatari, anapata kizunguzungu, choo kinakuwa kigumu, na kwa mwenye presha ndo usiseme. Kwaiyo hapo hakuna cha kulinganisha, choo kwanza.

Wifi yako mwambie hivi, dari watu wataisifia siku ya kwanza, siku ya tatu hakuna anayeitazama. Choo bibi atakikalia kila siku aliyopo na kila mara atajua kwamba kuna mtu alimfikiria.

Ila usiishie kwenye choo tu. Weka bomba la kushikia ukutani upande wa mkono wake wenye nguvu, lifungwe na fisha ndefu na skrubu nene lisichomoke akilivuta na uzito wake wote. Marumaru zinazoteleza tandika mkeka wa mpira. Taa ya njiani kutoka chumbani iwake usiku kucha, balbu ndogo tu. Na mlango kama unafungukia ndani ugeuzeni ufungukie nje, mtu akianguka nyuma ya mlango kumfikia inakuwa shida.

Mgosi_Chumbageni
Shangazi hapo umenigusa, sikulifikiria la maji.

KijanaPongwe
Mi natoa wazo la katikati. Kama hela inabana, kuna kiti cha chuma, unaenda kwa fundi wa kuchomelea anakuundia kiti chenye mikono na tundu katikati, unakiweka juu ya choo cha kuchuchumaa, bibi anakaa, wengine wakitaka kuchuchumaa wanakitoa. Tulimfanyia babu yetu na kinatumika mpaka leo. Kipigwe rangi ya kuzuia kutu kwanza alafu ya mafuta juu, la sivyo kwa unyevu wa chooni kinaoza, na miguu ivalishwe mpira. Msije mkatoboa kiti cha plastiki, kinapinduka. Hapo laki tisa yako inabaki karibu yote na unaweza kumwaga baraza.

BintiMuheza
Kaka wa Pongwe wazo zuri ila bibi mwenye aibu kiti cha kutoa na kuweka kitamsumbua, akikuta kimetolewa hataita mtu amwekee. Labda kama watamtengea choo chake.

Na mi naomba nitetee baraza la wifi kidogo. Sisi Krismasi yote ni uani. Ndani wanaingia kulala tu. Pilau inapikwa uani, majirani wanakuja na sahani zao na sisi sikukuu ya Idi tunaenda kwao, watoto wanacheza pale, bibi anakaa pale anachambua mchele na kuhadithia. Kwaiyo hata kama zege halitoshi, uani msiuache, mkasafisha, mkapiga chokaa kuta, mkatandika mikeka chini ya mti, ni gharama ndogo na bibi atashinda hapo siku nzima.

Sapraizi ya watoto nayo isiwe ya kununua peke yake. Sisi mti tunaweka tawi la mvinje kwenye ndoo ya mchanga, ombeni kwa mwenye shamba msikate ile ya ufukweni inazuia mchanga usiliwe na maji. Mapambo tunafanya ya mkonge, unanunua nyuzi, unazichemsha na rangi ya ukili, ile wanayotumia wasuka mikeka, nyekundu, kijani, zambarau, zikikauka watoto wanafunga nyota na vishada. Wa kwangu waliuliza mkonge ulitoka wapi nikawaambia Mjerumani Richard Hindorf aliuleta mwaka 1893 kutoka Florida, miche 1000 ilisafiri ikafika hai 62 tu, na kilimo cha mkonge mnachokiona ukienda Korogwe kilianzia hapo. Toka hapo kila nyota wanayofunga wanaihesabu, wanataka zifike 62. Watoto wa Dar watafurahi sana na hilo, ni kitu hawakioni kwao.

FundiSahare
Nimerudi. Choo sasa, someni vizuri hapa maana ndo watu wanapoibiwa.

Kabla ya kununua choo cha kukaa, fundi avunje kidogo ajue chini kuna nini. Choo cha kuchuchumaa kwa kawaida kina mtego wake wa maji chini ya sakafu, ule mkunjo unaozuia harufu. Choo cha kukaa nacho kina mkunjo wake ndani. Ukikiweka juu bila kutoa ule wa chini unakuwa na mitego miwili, maji yanasita, kila ukifulashi kinapanda kabla ya kushuka, na nyumba ikiwa na wageni wengi kinaziba. Kwaiyo ule wa chini utoke. Pili pima kutoka ukutani mpaka katikati ya tundu la maji machafu, nenda dukani na hicho kipimo, usinunue kwa macho.

Maji ya bomba kama yanakatika mtaani kwenu usiogope, choo cha kukaa unamwaga ndoo na kinafanya kazi, ila weka koki ya kufungia pembeni tenki lake likivuja ufunge. Kikishasimikwa na saruji asikalie mtu kwa saa 24, zaidi ikiwezekana. Kikitikisika siku ya kwanza hakitulii tena.

Kama mna choo kimoja tu nyumbani, hiyo siku ya kazi ombeni kwa jirani.

MzeeWaUsagara
Mimi nina moja la heshima. Huyu ni mama mkwe. Mambo ya choo mkwe hasemi na mkwe, na ukimwambia mbele za watu bibi tumekujengea choo utamwaibisha. Mwanawe ndo ampeleke, usiku akishafika, amwonyeshe taa iko wapi, bomba la kushika liko wapi, basi. Asipigwe picha, wasimpigie makofi. Sapraizi ya makofi iwe ile ya watoto na mapambo yao.

MamaWawili_Makorora
Baba shikamoo, asante sana, hilo la kumwachia mwanawe tumelipokea na baba watoto kasema ndo inavyotakiwa.

Nimekaa nae jana usiku tumesoma yote. Tumefanya ile ya giza sebuleni, nuru tumeziona nyingi upande wa jikoni, kwaiyo dari amekubali mwenyewe isubiri, kwanza misumari na bati mbili zitolewe. Choo tunafanya, na bomba la ukutani na mlango kugeuzwa. Wifi nilimweleza la maji ya jioni akanyamaza, alafu akasema basi hela ya mkeka wa mpira na taa ya njiani atatoa yeye. Baraza tutamwaga la mita 2 kwa 3 tu mbele ya mlango wa jikoni kama hela itabaki, kwingine mikeka. Mkonge na rangi ya ukili nimeshaagiza.

Swali la mwisho kwa fundi, kuta za uani ni lipu tupu haijawahi kupigwa rangi, ina ukijani wa unyevu chini. Nipige chokaa au ninunue rangi ya nje?

FundiSahare
Piga chokaa. Lipu tupu yenye unyevu ukiipaka rangi ya plastiki unyevu unafungiwa ndani, masika ikija inavimba na kubanduka. Chokaa inaachia ukuta upumue, na ya huku kwetu inachomwa kwa mawe ya chokaa ya upande huo huo wa mapango ya Amboni, inapatikana kirahisi.

Kwangua ule ukijani kwa brashi ya waya. Chokaa iloweke usiku mmoja, ichuje kwa kitambaa, iwe nyepesi kama maziwa. Ukuta uloweshe maji kabla ya kupaka, paka jioni jua likishapungua, tabaka nyembamba tatu, kila moja ikauke. Ikiwa mbichi usiogope ukiona haifuniki, weupe unakuja ikikauka. Vaeni miwani na watoto wakae mbali, ikiingia jichoni inaunguza, mkimbilie maji safi mengi na hospitali.

Choo kianze kabla ya chokaa, fundi atapitisha zege na kifusi hapo hapo uani atakuchafulia kuta.

Shangazi_Raskazone
Na bomba la kushikia mwanangu, kabla fundi hajatoboa ukuta kaa wewe mwenyewe kwenye kile choo, nyoosha mkono uone unafika wapi. Bibi ni mfupi kuliko wewe au mrefu? Shusha au pandisha kwa kipimo chake.

MamaWawili_Makorora
Mfupi, ananifika begani. Nitamwita jirani yetu ambaye urefu wao ni mmoja aje akae tupime.