Biskuti za nyumbani kwa wingi na kwa gharama ndogo hapa Lubumbashi

Shikamooni dada na kaka zangu,

Huu ni mwezi wa tatu tangu tuhamie Lubumbashi tukitokea Morogoro, na tumepanga nyumba Kampemba. Tuko watu wanane, wakiwemo watoto watano ambao kila siku hubeba kitafunio shuleni. Biskuti za dukani zinatumaliza, kwa kuwa pakiti niliyoinunua asubuhi haifiki jioni. Nyumbani nilizoea kuoka kwa jiko la umeme, lakini mtaani kwetu umeme hukatika bila taarifa, na mara mbili nimetoa trei ikiwa nusu mbichi. Naomba mwenye uzoefu anieleze namna ya kuoka nyingi kwa mara moja pasipo kutegemea umeme.

Mdogo wenu, Kampemba

*

Marahaba mdogo wangu, na karibu sana Lubumbashi.

Nitaanza na moto, kwa sababu huko ndiko fedha zetu nyingi zinakopotelea. Unga na sukari utavinunua kwa bei ileile anayonunua jirani yako, lakini mkaa unaweza kuutumia mara tatu zaidi yake ikiwa utaoka trei moja Jumatatu, nyingine Jumatano na nyingine Ijumaa, maana kila unapowasha moto upya, fungu la kwanza la mkaa huishia kupasha chombo kabla hata biskuti moja haijaiva. Kwa hiyo mimi huoka mara moja kila baada ya siku kumi hivi, kilo 2 za unga kwa mkupuo mmoja, na moto ukishawaka siuachi upoe mpaka donge lote liishe. (Sokoni ukitaja mkaa utaeleweka, ila wenyewe husema makala, na jiko la mkaa huliita mbabula; ukiyazoea maneno hayo mawili, utapunguza maelezo mengi.)

Vipimo vyangu ni hivi: kilo 2 za unga, gramu 600 za sukari, gramu 600 za majarini, mayai 2, maziwa mililita 300, vijiko vidogo 6 vya poda ya kuokea na kijiko kidogo kimoja na nusu cha chumvi. Donge lake hufika kilo 3.6, nami hukata vipande vya gramu 20, hivyo hupata biskuti 180. Kwa nyumba ya watu wanane, kila mtu akila mbili kwa siku, hizo ni siku kumi na moja. Andika katika daftari bei ya kila kitu, pamoja na mkaa, kisha gawa kwa 180. Ukifanya hivyo mara mbili au tatu utajua vizuri mahali pa kupunguza, hata franki zinapobadilika thamani.

Mahali pa kwanza pa kupunguza ni unga wa ngano. Robo yake, yaani gramu 500, naibadilisha kwa unga laini wa mahindi uliochekechwa, huu ambao wenyeji huuita bunga na kuupikia bukari, yaani ugali. Biskuti hutoka zenye kukatika vizuri mdomoni, na watoto wangu huzipenda kuliko za ngano tupu. Ukizidisha robo hiyo zitamomonyoka ndani ya mfuko wa shule, kwa kuwa mahindi hayana ule utando wa ngano unaoshikamanisha donge. Angalia pia kwamba sokoni unga wa mahindi hupimwa kwa meka, ambayo ni chombo cha ujazo. Muuzaji mmoja hujaza mpaka kilima kisimame na mwingine husawazisha kwa kiganja. Ukifika nyumbani pima kwa mizani yako. Bei ya mahindi hapa hufuata hali ya mpaka wa Kasumbalesa, kwa sababu sehemu kubwa hutoka Zambia, kwa hiyo inapokuwa nafuu mimi hununua ya kutosha mwezi mzima.

Mahali ambapo nakusihi usipunguze ni majarini. Mwaka wangu wa kwanza hapa nilinunua kopo kubwa la bei nafuu katika duka moja la mjini, nikaja kugundua baadaye, niliposoma maandishi madogo ubavuni, kwamba ilikuwa ya kupaka mkate na mafuta yake hayakuzidi asilimia 40, iliyobaki karibu yote ikiwa maji. Majarini ya kuokea huwa na mafuta asilimia 80 au karibu na hapo. Maji yale yalilifanya donge langu livutike kama la chapati, na biskuti zote za siku ile zilitoka ngumu kiasi kwamba mwanangu mdogo aliziloweka katika chai ndipo akaweza kuzila. Niliumia sana, kwa sababu zilikuwa kilo 2 nzima. Soma kopo kabla ya kulipa.

Kuhusu poda ya kuokea, hapa neno la Kifaransa levure hutumiwa kwa hamira ya mkate na kwa poda hii pia, kwa hiyo sema wazi kwamba unataka levure chimique. Nilipokuwa Tanga nilikuwa naweka vijiko 7 kwa kipimo kilekile. Lubumbashi iko kwenye mwinuko wa mita 1,200 hivi kutoka usawa wa bahari, na hewa ikiwa nyepesi donge hufura kwa urahisi zaidi, kisha huanguka na kuacha shimo katikati, kwa hiyo hapa vijiko sita vinatosha.

Sasa mikono. Pasha maziwa yawe vuguvugu na uyeyushe sukari humo kabisa, maana chembe ambazo hazijayeyuka huacha madoa meusi juu ya biskuti. Chekecha unga, poda na chumvi pamoja, tia majarini, na uisugue kwa ncha za vidole, ukiinua na kuachia, mpaka unga wote uwe chengachenga kama mchanga wa mtoni uliolowana kidogo na usione tena bonge jeupe la unga mkavu. Maziwa yakishapoa, yachanganye na mayai, mimina polepole, kusanya donge na uishie hapo hapo. Usilikande. Kukanda kunafaa chapati. Biskuti iliyokandwa huwa ngumu na hujikunja motoni. Lifunike nusu saa, ulisukume unene wa milimita 6 hivi, ukate kwa kisu na rula miraba ya sentimita 5 kwa 5, kisha uchome kila mraba mara tatu kwa uma ili mvuke upate pa kutokea. Wengine hukata kwa kopo la nyanya, nazo hupendeza, ila duara huacha mabaki yanayosukumwa upya mara mbili tatu, na kila raundi huwa ngumu kuliko iliyotangulia. Miraba haiachi kitu.

Kuoka ndiko nilikojifunza polepole. Mtaani kwetu Katuba yupo mama anayeoka mikate usiku katika tanuri la matofali. Mikate inapotoka alfajiri, matofali yale bado yana joto la saa kadhaa, nalo hushuka taratibu hadi kufikia kiwango kinachofaa biskuti. Tulikubaliana, nami siku za kuoka hufika na trei zangu saa kumi na mbili asubuhi, zikiwa zimekatwa tangu usiku na kufunikwa kwa kitambaa. Kwanza tunanyunyiza unga kidogo sakafuni mwa tanuri: ukiungua mara moja tunasubiri, na ukigeuka rangi ya kahawia baada ya kama dakika moja tunaingiza. Mimi humlipa kiasi kidogo pamoja na biskuti ishirini za watoto wake, na sichomi mkaa hata kipande kimoja. Mdogo wangu, kabla ya kununua chombo chochote, zunguka mtaani kwenu uulize nani anaoka mikate.

Usipompata, tumia mbabula. Chukua sufuria kubwa zito, tandaza mchanga mkavu wa kina cha vidole viwili, weka juu yake vijiwe vitatu, na juu ya vijiwe hivyo sahani ya bati yenye biskuti, ili isiguse mchanga. Funika kwa mfuniko wa bati na upalie makaa juu, kama bibi zetu walivyopalia mkate wa kumimina: theluthi mbili ya makaa yakae juu na theluthi moja chini, kwa sababu moto wa chini ukizidi, biskuti huungua tako na huku uso wake bado ni mweupe. Pasha sufuria tupu dakika 20 kabla ya kuanza. Sahani ikibeba biskuti 20, utahitaji raundi tisa za dakika 15, ambazo ni saa mbili na robo bila kuhesabu kubadilisha sahani, na makaa utayaongeza mara moja au mbili. Ukiwa na sufuria mbili, muda hupungua nusu. Siku umeme ukikaa, jiko lako la umeme liwe nyuzi 170 hadi 180. Zitoe kingo zinapoanza kuwa za dhahabu hata kama katikati bado ni laini, kwa maana hukauka zinapopoa.

Dada yako, Katuba

*

Dada, asante kwa maelezo haya, nami nimeyajaribu huku Goma. Zilitoka vizuri, lakini siku ya tatu zilikuwa zimelainika zote, pengine kwa sababu ya unyevu, maana hapa kwetu karibu na ziwa mvua hainyeshi kwa msimu mmoja tu. Pia nilipunguza sukari gramu 200 na kuweka ndizi mbivu zilizopondwa. Je, nilikosea wapi?

Kaka yenu, Goma

*

Kaka yangu, ndizi zina maji mengi, na biskuti yenye ndizi hulainika hata ikifunikwa vipi. Zioke chache, za kuliwa siku mbili, na zile za akiba uzioke kwa sukari peke yake.

La pili ni kupoa. Mimi huziacha wazi juu ya wavu saa nzima, bila haraka, hata watoto wakisimama mlangoni, kwa sababu biskuti iliyofungiwa ikiwa na joto hutoa jasho ndani ya kopo na kulainisha wenzake wote. Kisha nazigawanya katika makopo manne ya maziwa ya unga yenye mfuniko wa kubana, 45 kila kopo, na ninafungua moja tu kwa wakati mmoja. Miezi ya kiangazi hapa Lubumbashi, kuanzia Mei, hukaa wiki tatu bila shida. Mvua zikianza Novemba, kopo lililofunguliwa likimaliza siku tatu huzirudisha zilizobaki ndani ya sufuria ileile ya mchanga, kwa makaa machache yaliyobaki baada ya chakula cha mchana, dakika 7 tu, na zikipoa hukatika tena kama siku zilipotoka. Hizo zako zilizolainika usizitupe. Zikaushe hivyo leo.

Dada yako, Katuba