Naomba ushauri: ninachuja alama ya W-04* kwenye AutoCAD, programu inaniletea madirisha yote ya W-04

Mchoraji wa Nzuguni

Wanajukwaa, habari za kazi.

Mimi ni mchoraji katika ofisi ndogo ya usanifu hapa Dodoma, na kwa sasa ninaandaa jedwali la milango na madirisha ya bweni la wanafunzi. Milango tumeipa herufi D na madirisha herufi W, kama ilivyozoeleka. Dirisha la W-04 lina sura tatu: W-04 la kawaida, W-04A lenye kioo kisichoonyesha ndani kwa ajili ya mabafu, na W-04* ambalo ni la upande wa mashariki. Hilo la nyota linafungwa raba mbili za kuzuia vumbi, kwa sababu mtu aliyeishi hapa kiangazi kimoja anajua upepo wetu unavyoingiza vumbi hata mahali ulipodhani pamezibwa.

Alama hizi zimeandikwa kama maandishi ya kawaida pembeni mwa kila dirisha. Kwenye AutoCAD, programu ninayochorea, nilitumia amri ya QSELECT (ya kuchagua vitu kwa masharti), nikachagua aina ya Text, sifa ya Contents, kisha "Wildcard Match", nikaandika W-04* nikitarajia kupata yale ya nyota peke yake. Programu imenichagulia maandishi 28. Nilipohesabu kwa kidole kwenye karatasi niliyochapisha nimepata madirisha 12 tu yenye nyota. Nikakumbuka kwamba kwenye Excel tulifundishwa kuweka alama ya wimbi kabla ya nyota, nikaandika W-04~*, na safari hii sikupata hata moja.

Jedwali linatakiwa kwa fundi wa aluminiamu wa Kizota kesho asubuhi. Bweni hili ni la ghorofa moja na naweza kuhesabu kwa kidole, lakini majengo yanayofuata ni makubwa zaidi, hivyo nataka kuielewa njia sahihi. Ninakosea wapi?

Mpimaji wa Bahi

Mkuu, hujakosea kutumia QSELECT. Umekutana na nyota yenye kazi mbili. Kwako wewe nyota ni sehemu ya jina la dirisha, lakini kwa AutoCAD nyota ni alama wakilishi inayosimama badala ya herufi zozote, ziwe nyingi, moja au hata hakuna kabisa. Kwa hiyo W-04* imesomeka kuwa "chochote kinachoanza na W-04", na ndiyo maana W-04, W-04A na W-04* zote zimeingia kwenye kapu moja.

Ili nyota isomwe kama nyota, tangulia kuweka alama hii: ` . Kwenye kibodi nyingi iko chini ya kitufe cha Esc, juu ya Tab, na watu wengi huichanganya na alama ya kunukuu ya kawaida. Andika W-04`* na utapata unachotaka.

Kuhusu wimbi, hapo ndipo wengi tunapojikwaa. Katika Excel wimbi huondoa nguvu ya nyota au ya alama ya kuuliza inayolifuata, lakini katika AutoCAD wimbi likiwekwa mwanzoni mwa kiolezo (yale maandishi unayotafutia) maana yake ni "isipokuwa". Ukiandika ~W-* utaletewa kila kitu ambacho si dirisha. Likiwa katikati, kama ulivyoliweka, halina nguvu yoyote, hivyo programu ilikuwa inatafuta jina lenye wimbi ndani yake, na jina hilo kwenye mchoro wako halipo.

Mchoraji wa Nzuguni

Ahsante sana, Mpimaji. Nimeandika W-04`* na sasa nimepata 9. Nimefurahi kuona yale ya kawaida na ya mabafuni yameondoka, lakini kwenye karatasi ni 12 na nimehesabu mara mbili. Matatu yamekwenda wapi?

Dada wa Makole

Kaka, bofya moja kati ya yale matatu yaliyoachwa, kisha angalia sifa zake. Nina hakika kubwa kwamba ni MTEXT, yaani maandishi ya aya, na si TEXT ya mstari mmoja. Mchoro ukipitia mikono ya watu wawili au watatu, kila mmoja huandika kwa amri aliyoizoea, na kwa macho huwezi kuona tofauti. Wewe ulichagua aina ya Text, kwa hiyo QSELECT haikuyagusa kabisa maandishi ya aya.

Kuna jambo la pili, ambalo liliwahi kunipotezea siku nzima. MTEXT ikibadilishwa rangi au fonti kwa baadhi ya herufi, hubeba ndani yake maelezo ya pambo hilo, ambayo huyaoni kwenye skrini lakini kichujio kinayaona. Kwa macho unasoma W-04*, ila ndani kabisa maandishi yanaanza na mabano na msimbo wa rangi. Kiolezo kinachoanza moja kwa moja na W hakiwezi kuyapata. Rudia QSELECT kwa aina ya MTEXT na uandike hivi: *W-04`** . Nyota ya kwanza inameza chochote kilichotangulia, ya katikati ni nyota ya jina lako, na ya mwisho inameza kilichobaki nyuma.

Hiyo nyota ya mwisho inasaidia pia mahali ambapo mtu aligusa kitufe cha nafasi baada ya kuandika, kwa maana nafasi moja isiyoonekana inatosha kulifanya jina lisilingane.

Mtunzi wa Programu, Iyumbu

Naunga mkono maelezo ya Dada wa Makole. Kama hutaki kurudia mara mbili, bandika mstari huu kwenye sehemu ya kuandikia amri, nao utakupa hesabu ya aina zote mbili kwa pamoja:

(sslength (ssget "X" '((0 . "TEXT,MTEXT") (1 . "*W-04`**"))))

Mkato uliopo kati ya TEXT na MTEXT nao ni alama wakilishi, unamaanisha "au". Hata kwenye kichujio cha majina ya leya (matabaka ya mchoro) unaweza kuandika D-*,W-* ukapata milango na madirisha kwa pamoja. Zipo nyingine utakazozipenda kwenye majengo makubwa: alama ya # husimama badala ya tarakimu moja, @ badala ya herufi moja ya alfabeti, na nukta badala ya kitu kimoja ambacho si herufi wala tarakimu. Hivyo W-##@ italeta W-04A na W-11B lakini haitaleta W-04, na W-##. italeta madirisha yote ya nyota bila kujali namba. Ukitaka namba chache tu, tumia mabano ya mraba: W-0[2-5]`* inachukua kuanzia W-02* hadi W-05* na kuishia hapo.

Mchoraji wa Nzuguni

Yale matatu ni MTEXT kweli, na mawili kati yake yana rangi nyekundu. QSELECT ya pili imeyapata, hivyo 9 na 3 ni 12. Lakini mstari wa Mtunzi umenipa 13, na sasa sijui niamini ipi.

Mtunzi wa Programu, Iyumbu

Samahani, nilipaswa kukutahadharisha. Hiyo "X" inapekua faili lote, pamoja na kurasa za kuchapia na leya zilizogandishwa. Angalia kwenye ukurasa wa kuchapia, sehemu ya ufunguo wa alama. Bila shaka W-04* imeandikwa pale mara moja kama maelezo. Ongeza (410 . "Model") ndani ya orodha ya masharti, karibu na yale mawili, ili ihesabu eneo la kuchorea peke yake.

Fundi wa Aluminiamu, Kizota

Naomba nichangie kwa upande wetu tunaokata, ingawa programu hizi sizitumii. Sisi hatuhesabu kwenye mchoro, tunakata kwa jedwali. Niliwahi kuletewa jedwali ambalo idadi ya madirisha ya aina moja ilizidi mara mbili, nikakata miche yote kwa kipimo hicho, na mche wa aluminiamu ukishakatwa hauungwi. Mteja alikataa kulipia ziada, ofisi iliyochora nayo ikasema niliyasoma vibaya. Ungeniletea 28 badala ya 12, raba na muda wa siku mbili vingepotea. Kwa hiyo, kijana wangu, endelea kuhesabu kwa kidole hata baada ya kujua hizo alama.

Dada wa Makole

Fundi amesema jambo zito. Mimi ningeshauri pia nyota iondolewe kabisa kwenye majina, iwe W-04V. Jedwali hili likishatolewa kwa amri ya TABLEEXPORT na kufunguliwa kwenye Excel, shida inaanza upya: mtu akitumia Tafuta na Badilisha ili kufuta nyota, na asiweke wimbi mbele yake, Excel itafuta kila kilichoandikwa kwenye seli alizochagua.

Mpimaji wa Bahi

Nakubaliana na Dada kwa kazi zijazo, lakini si kwa bweni hili. Karatasi zimeshachapishwa na pengine ziko eneo la ujenzi zikiwa na W-04*. Ukibadilisha jina leo kwenye jedwali peke yake, fundi atatafuta W-04V kwenye mchoro na hataiona. Liache lilivyo, na katika Excel uhesabu kwa kuandika "W-04~*" ndani ya fomula ya kuhesabu, COUNTIF. Mimi kwenye QGIS, programu ya ramani, ninapochuja viwanja kwa neno LIKE, nyota haina nguvu yoyote, kazi yake inafanywa na %, na mstari wa chini _ unasimama badala ya herufi moja. Kwa hiyo ukihamia huko usibebe mazoea ya huku.

Mchoraji wa Nzuguni

Nimeongeza sharti la Model na mstari umetoa 12. Ile ya kumi na tatu ilikuwa kwenye ufunguo wa alama, kama ulivyosema, Mtunzi. COUNTIF nayo imetoa 12. Nimeandika kwenye jedwali: W-04 ni 12, W-04A ni 7, W-04* ni 12, jumla 31, na chini yake nimeweka maelezo kwamba nyota ni raba mbili za vumbi. Majina ya jengo linalofuata nitayaanza bila nyota.

Fundi, karatasi itakufikia kesho kabla ya saa mbili asubuhi, na nitakuja nayo mwenyewe ili tuhesabu pamoja kabla hujakata.